Moto wa taka ulivyozimwa Kamikatsu, na ulivyozimwa Tabata

SEHEMU YA 1

Hebu nikuulize mama, taka za nyumbani kwako jana ziliishia wapi? Kama gari la taka linapita mtaani kwenu, shukuru, zilipanda gari. Kama halipiti, au linapita likijisikia, basi jibu nalijua: kiberiti. Jioni, nyuma ya nyumba, unasukumia kila kitu kwenye kishimo. Pampasi, mfuko wa nailoni, chupa ya juisi, maganda ya viazi ambayo bado yana maji. Moto haushiki vizuri, unafuka tu usiku kucha, na upepo ukigeuka moshi wote unaingia chumba alicholala mtoto.

Kliniki, siku za kupima uzito, swali hili halikosi: "Nesi, huu moshi wa taka unamdhuru mtoto?" Unamdhuru. Wewe mtu mzima ukiwa umetulia unapumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga anapumua mara 40 hadi 60. Mapafu yake bado yanajengwa na njia zake za hewa ni nyembamba, zikivimba kidogo tu nafasi inaisha. Moshi unaongeza hatari ya nimonia, unaamsha pumu, unawasha macho. Hapo hatuna mjadala.

Shida ni swali linalofuata: "Sasa nizitupe wapi?" Hapo sisi wauguzi tunabaki kujikuna kichwa. Kukataza tunajua. Kuonyesha pa kupeleka ni kazi ya halmashauri, na halmashauri haikai kwenye chumba cha kliniki.

Kwa hiyo wiki hii tunasoma historia. Kuna mji mdogo ambao uliulizwa swali hilohilo siku moto wake ulipokatazwa, na pesa ya kununua njia nyingine haukuwa nayo. Ukajenga kituo cha watu kupeleka taka zao wenyewe, na kituo hicho mpaka leo kinafanya kazi. Baada ya hapo nitakurudisha nyumbani, Dar es Salaam, kwa wakazi waliozima moto wao kwa njia nyingine kabisa. Kina baba mnaosoma kimyakimya, nawaona, karibuni pia.

SEHEMU YA 2

Mji unaitwa Kamikatsu. Uko Japani, kwenye kisiwa cha Shikoku, mkoa wa Tokushima, kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mji mkuu wa mkoa. Usiwaze Tokyo na maghorofa. Waza Lushoto: milima, ukungu, mashamba ya ngazi, nyumba zimetawanyika kwenye vitongoji zaidi ya 50. Mwaka 1955, vijiji viwili vilipounganishwa kuwa mji huo, kulikuwa na watu zaidi ya 6,000. Leo hawazidi 1,500, na zaidi ya nusu yao wana miaka 65 kwenda juu. Vijana waliondoka kwenda mijini. Hadithi hiyo tunaijua.

Kamikatsu haijawahi kuwa na gari la taka la kupita mlango kwa mlango. Barabara nyembamba, nyumba mbalimbali, mapato kidogo. Kila familia ilijibebea yenyewe. Walikokuwa wanapeleka ni mahali panaitwa Hibigatani, penye shimo kubwa la wazi, na kuanzia miaka ya 70 hadi miaka ya 90 shimo hilo lilikuwa linawaka moto. Watu walitupa humo kila kitu, mpaka matairi, mpaka majokofu mabovu. Japani hiihii ya Toyota, jamani. Nakwambia hivi ili usije ukadhani kuna taifa lililozaliwa safi.

Baadaye wakaambiwa moto wa wazi basi. Mwaka 1998 mji ukaweka matanuri mawili madogo ya kuchomea taka, ukadhani umemaliza. Haikufika hata miaka mitatu.

Kilichowakuta ni neno moja ambalo miaka hiyo lilikuwa mdomoni mwa kila mama wa Kijapani: dioksini. Ngoja nilieleze polepole, maana hapa ndipo habari ya taka inapoingia kwenye titi la mama.

Dioksini hakuna anayeitengeneza kwa ajili ya kuuza. Inajitengeneza pale vitu vyenye klorini, mfano ile plastiki ya PVC ya mabomba na nyaya, vinapoungua kwenye moto usio mkali. Yaani ule moto wa kufuka wa nyuma ya nyumba. Inapanda na moshi, inatua kwenye majani na udongo. Ng'ombe anakula, kuku anadonoa. Na kwa kuwa inapenda mafuta, inajificha kwenye mafuta ya nyama, ya samaki, ya mayai, ya maziwa. Zaidi ya asilimia 90 ya dioksini tunayoipata inaingia kwa chakula, si kwa pua. Ikishaingia mwilini, inachukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu tu. Mwaka 1997 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka ile aina kali kuliko zote kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na mama anayenyonyesha, mafuta ya mwili wake yanatoka kwa njia ya maziwa.

Simama hapo kwanza. Usikimbie kununua maziwa ya kopo! Shirika la Afya Duniani limekuwa likipima maziwa ya mama katika nchi nyingi tangu mwaka 1987, na msimamo wake haujabadilika: faida za kunyonyesha ni kubwa kuliko hatari hiyo, nyonyesha. Mji wa Osaka ulikuwa umehifadhi sampuli za maziwa ya mama tangu miaka ya 70, na zilipokuja kupimwa zilionyesha kiwango kilikuwa kinashuka kadiri miaka inavyokwenda. Maziwa yalipimwa kwa sababu yanaonyesha kilichomo kwenye mazingira. Anayetakiwa kubadilika ni mwenye kiberiti, mama aendelee na kazi yake.

Lakini hofu haingoji maelezo. Japani ilikuwa na matanuri ya kuchoma taka mengi kupita kiasi, na eneo moja linaitwa Tokorozawa, karibu na Tokyo, lilikuwa limezungukwa nayo. Februari 1999 kipindi cha habari cha televisheni kikatangaza dioksini kwenye mazao ya Tokorozawa. Watu wakaelewa kuwa ni mchicha wao wa Kijapani. Maduka yakakataa mboga za wakulima wale, na baadaye ikaonekana kiwango kile cha juu kilikuwa cha majani ya chai. Wakulima wakaenda mahakamani. Pamoja na vurugu zote hizo, Julai 1999 bunge likapitisha sheria maalumu ya kudhibiti dioksini, na mwanzoni mwa mwaka 2000 ikaanza kutumika.

Yale matanuri mawili ya Kamikatsu yalikuwa chini ya kiwango cha sheria mpya. Kujenga tanuri linalokidhi kiwango ni mabilioni ya yeni, na huo ni mji wa wazee walima machungwa. Wakayafunga. Mwaka 2001 unaanza, shimo hakuna, tanuri hakuna, gari la taka hakuna, na kila nyumba inaendelea kula na kuchafua kama kawaida.

SEHEMU YA 3

Sasa soma sehemu hii taratibu, kwa sababu ndiyo niliyotaka uipate.

Wafanyakazi wa mji hawakuanza na ramani ya jengo. Walianza kwa kutafuta nani ananunua au kupokea nini. Kiwanda hiki kinachukua karatasi, lakini magazeti yakae peke yake na maboksi peke yake. Kile kinachukua chupa za kioo, lakini nyeupe zisichanganyike na za kahawia. Huyu anataka makopo ya alumini, yule ya chuma. Kila mpokeaji aliyepatikana, kundi jipya likazaliwa. Ndivyo walivyofika makundi zaidi ya 30 mwaka 2001, na baadaye 45. Mtu akisikia "makundi 45" anacheka, anasema Wajapani na mambo yao. Kumbe ile namba haikutokana na kupenda utaratibu. Ni orodha ya wateja. Chombo kisicho na mpokeaji nyuma yake ni jalala lililopakwa rangi, na majalala ya namna hiyo tumeyaona: yale mapipa matatu ya kijani, bluu na njano ambayo jioni gari moja linayamimina yote pamoja.

Kituo walikiweka Hibigatani. Palepale penye lile shimo. Watu walishazoea kwenda pale, kwa hiyo njia haikubadilika, kilichobadilika ni kinachokusubiri mwisho wa njia.

Jambo la pili lilishafanyika kabla, na bila hilo kituo kingenuka na kufa. Mji ulikuwa umewasaidia watu kuondoa taka za jikoni nyumbani kwao. Tangu miaka ya 90 ulikuwa unachangia gharama ya mapipa ya kutengeneza mboji, halafu kuanzia 1995 na mashine ndogo za umeme za kukausha na kuozesha mabaki ya chakula. Familia ililipa yeni 10,000, iliyobaki ikalipwa na serikali. Karibu kila nyumba ikawa inaozesha ya kwake. Hebu pima taka zako za siku moja: maganda, ugali uliochacha, mabaki ya mboga, mifupa ya samaki. Kwenye miji yetu hiyo ndiyo zaidi ya nusu ya uzito wa ndoo. Ndiyo inayoleta nzi, ndiyo inayonyevusha karatasi mpaka haziuziki, ndiyo inayofanya moto ufuke badala ya kuwaka. Ukiitoa hiyo, iliyobaki ni chupa na makopo tu, unaweza kuikalisha wiki nzima kwenye kiroba na isikusumbue.

Je, watu walifurahi? Wapi! Mikutano ilifanyika kitongoji kwa kitongoji, na malalamiko yalikuwepo. Suuza kopo, ondoa lebo, kata boksi la maziwa, likunjue, likaushe, funga magazeti kwa kamba. Na hapa niseme la kwangu: kwenye habari nyingi za kusifia Kamikatsu, watu wanapiga picha mapipa na kusahau sinki. Nani anasuuza hayo makopo? Kazi hii inaangukia jikoni, na jikoni tunajua ya nani. Mpango wowote wa kutenganisha taka utakaoletwa mtaani kwenu, wa kwanza kuuliza swali hilo uwe wewe, na maji ya kusuuzia yatoke wapi. Nyumba inayonunua maji kwa dumu haiwezi kusuuza kama nyumba yenye bomba.

Wao walipunguza mzigo kwa njia ndogondogo. Kituo kinafunguliwa asubuhi mpaka saa 8 mchana karibu kila siku ya mwaka, kwa hiyo hakuna presha ya "siku ya taka". Pale kuna mtu wa kukuelekeza. Ukishika kopo hujui la kuweka wapi, unamuuliza. Juu ya kila chombo kuna kibao kinachosema kitu hiki kinaenda mkoa gani, kinageuzwa kuwa nini, na kwa kila kilo mji unaingiza au unatoa kiasi gani cha pesa. Napenda sana kile kibao. Kinakuheshimu. Mama anayeona karatasi yake inaingiza hela kwenye mfuko wa mji, na plastiki chafu inatoa hela, hahitaji kuhubiriwa. Wazee wasio na gari wanafuatwa nyumbani kila baada ya muda, kazi ambayo mwanzoni watu waliifanya kwa kujitolea.

Mwaka 2003 alifika profesa mmoja wa kemia kutoka Marekani, Paul Connett, mpinzani mkubwa wa matanuri ya taka, akawaambia mnachofanya tayari kina jina. Septemba ya mwaka huo baraza la mji likatangaza, la kwanza Japani nzima, kwamba linataka ifikapo 2020 pasiwe na taka ya kuchoma wala kufukia. Mwaka 2006 pakafunguliwa kaduka kituoni ambako unaacha usichokitaka na mwingine anachukua bure: vikombe, nguo za watoto, vitabu. (Nguo za watoto! Mtoto anavaa miezi mitatu, nguo bado mpya. Kitu kama hicho hata kwenye baraza la zahanati kinawezekana.) Bibi wa mjini wakawa wanashona mikoba na nguo kutoka kwenye kimono za zamani.

Jengo zuri unaloliona kwenye picha lilikuja mwisho kabisa, mwaka 2020. Msanifu wake ni Hiroshi Nakamura, limejengwa kwa mbao za milima ileile, na ukutani kuna madirisha ya zamani kama 700 yaliyotolewa na wenyeji kwenye nyumba zao. Ukiliangalia kutoka juu lina umbo la alama ya kuuliza. Zuri kweli. Lakini hesabu mwenyewe: 2001 mpaka 2020, kituo kilifanya kazi karibu miaka 20 kabla ya kuwa na jengo la kupigiwa picha. Kwetu mara nyingi tunaanza na jengo na kibao cha uzinduzi.

SEHEMU YA 4

Sasa turudi nyumbani.

Wakati Kamikatsu bado wanachoma matairi shimoni, Dar es Salaam kuna watu walikuwa wameshachoka. Jalala kuu la jiji lilikuwa Tabata, katikati ya makazi. Moshi, harufu, nzi. Kama ulizaliwa Tabata miaka hiyo, muulize mama yako alivyokuwa anaanika nguo.

Wakati huo kitu kilitokea kwenye Katiba. Haki za raia ziliingizwa mwaka 1984, lakini kwa muda hazikuweza kudaiwa mahakamani. Mlango huo ulifunguka Machi 1988. Mwaka huohuo wakazi wa Tabata wakaishitaki Halmashauri ya Jiji. Mahakama Kuu ikakubaliana nao: jiji liache kutupa taka pale, litafute sehemu isiyodhuru watu.

Jiji likaomba muda. Likaomba tena. Moshi ukaendelea. Mwaka 1991 maombi yakafika mbele ya Jaji Lugakingira, naye akakataa. Alishangaa waziwazi kuona mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua hewa na kuhatarisha maisha ya watu, na akakumbusha kuwa haki ya kuishi iko kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Mwaka 1991, mama. Miaka minane kabla Wajapani hawajapata sheria yao ya dioksini, Dar es Salaam hakimu wa juu alishasema moshi wa jalala ni suala la uhai. Mambo haya hatufundishwi shuleni, na sielewi kwa nini.

Kisha ikawaje? Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Na Mtongani nako wanaishi watu. Mkazi mmoja na wenzake 794 wakaenda mahakamani, wakaonyesha kuwa hata ramani ya mipango miji ya jiji lenyewe imepaka eneo lile kuwa la makazi. Wakashinda nao. Taka zikaenda Vingunguti, pembeni ya watu wengine. Kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni. Kutoka Mtoni zikaenda Pugu Kinyamwezi, ambako zipo mpaka leo.

Ukiziweka hizi hadithi mbili kwenye meza moja unaona kitu. Tabata walipozima moto wao, jiji lilikuwa na Mtongani pa kwenda. Mtongani walipozima, kulikuwa na Vingunguti. Kila mara kulikuwa na watu wengine masikini zaidi au wasio na wakili bado. Kamikatsu hawakuwa na Mtongani. Milima pande zote, mkoa umekataa, pesa hakuna. Walibanwa mpaka wakalazimika kuuliza kilichomo ndani ya ndoo. Siwasifu kwa roho nzuri, nasema walikosa pa kusukumia. Na wale wa Tabata siwalaumu hata chembe, walidai pumzi ya watoto wao wakaipata. Kupanga kesho yake ilikuwa zamu ya jiji.

Tangu hapo sheria tumepata. Tanzania na Kenya zote ziliridhia mwaka 2004 mkataba wa Stockholm, ambao dioksini imo kwenye orodha yake. Mwaka huohuo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ikapita Tanzania, na inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, pamoja na kuhimiza zitenganishwe zinapozalishwa. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki tukaiaga, na kwa hilo mwanamke wa sokoni alibadilika ndani ya wiki moja, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba "watu wetu hawabadiliki".

Wapokeaji nao tunao tayari, ila hatuwaiti kwa jina la heshima. Kijana wa chuma chakavu anayepita na mzani. Mama anayeokota chupa za maji na kuziuza kwa kilo. Wanunuzi wa maboksi. Hiyo ndiyo ile orodha ambayo Kamikatsu waliianza kwa kupiga simu. Sisi inapita mlangoni ikipiga kelele. Kata ya Bonyokwa, ukanda huohuo wa Tabata na Segerea, asasi ya Nipe Fagio ilishirikiana na wakusanya taka wa pale, kuna kituo cha kuchambulia na wakusanyaji wana ushirika wao. Watu wanaofahamika kwa jina wanapita nyumba kwa nyumba, na za jikoni zinatenganishwa na nyingine. Ni tofauti na Kamikatsu, huku taka zinafuatwa na kule zinapelekwa, lakini msingi wake mmoja: kila kilichochambuliwa kina pa kwenda.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa na ikasemwa "tunajenga kituo cha taka rejelezi", nenda na mtoto mgongoni, nyoosha mkono. Nani atanunua chupa, ana mkataba au ana ahadi? Maganda ya jikoni yatafanywaje kabla hayajafika kituoni? Kitafunguliwa saa ngapi, maana kituo kinachofungwa saa 9 siku za kazi hakimfai anayerudi kibaruani magharibi? Nani atakaa pale kuelekeza, na analipwa na nani? Anayeishi jirani na kituo amesikilizwa? Kama majibu hayapo na ramani ya jengo ipo, mnajengewa Mtongani nyingine.

SEHEMU YA 5 (fupi, ya pampasi)

Nilijua mtaniuliza, na mmeniuliza kweli.

Ile ahadi ya Kamikatsu ya kufikia sifuri mwaka 2020 haikutimia. Walifika kama asilimia 80 ya taka zote kurejelezwa, wakati wastani wa Japani nzima ni kama 20. Kilichowashinda, pamoja na viatu vya ngozi na vitu vilivyochanganywa plastiki na mpira, ni pampasi na taulo za kike. Karatasi, plastiki, gundi, unga unaonyonya maji, na kinyesi juu yake: hakuna kiwanda kilichotaka kupokea. Mpaka leo zinapakiwa na kupelekwa kuchomwa nje ya mji. Desemba 2020 walitangaza upya malengo yao hadi 2030. Mji wa wazee pia una pampasi nyingi za wazee, hilo mtu halifikirii.

Walichofanya kwa wenye watoto ni kuwapa familia zenye mtoto mchanga seti ya nepi za kitambaa, mji unagharamia. Hawakukataza pampasi. Walimpa mama kitu cha pili mkononi.

Kwako, leo jioni, kabla kituo hakijajengwa: kinyesi kwanza kidondoshwe chooni, ndipo pampasi ikunjwe na kufungwa ndani ya mfuko wake peke yake, isiingie kwenye maganda. Nepi ya kitambaa mchana ukiwa nyumbani, pampasi usiku na safarini, hiyo peke yake inapunguza mzigo sana. Nepi zioshwe kwa sabuni ya kawaida, zisuuzwe mpaka povu liishe, zianikwe juani. Mtoto akipata wekundu mapajani, punguza sabuni na ongeza kusuuza kabla hujalaumu kitambaa. Maganda, hata kama una uwanja wa hatua tatu tu, yachimbie yafunike na udongo.

Na mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani: sindano haiendi kwenye kiroba cha chupa hata siku moja, kuna mkono wa mtu unaochambua kule mbele. Weka kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, kikijaa kilete kituo cha afya, tuna sanduku lake.